Kwa Nini Seva ya GB 4 Hukubali Nusu ya Ombi Lililoahidiwa

Washa seva ya NFS, mfumo wa kushiriki faili kupitia mtandao, kwenye kompyuta ya Linux yenye RAM ya GB 4, kisha uulize upande wa mteja kikomo cha ombi moja ni kipi. Mara nyingi jibu ni KB 512. Ajabu ni kwamba waandishi wa keneli wameeleza, ndani ya msimbo wenyewe, kuwa mashine ya GB 4 inastahili MB 1. Nusu imepotelea wapi?

Jibu linaihusu hasa ofisi ndogo. Tuseme ni ofisi ya ushirika hapa Nyansiongo, Kaunti ya Nyamira: kompyuta moja iliyokwisha kutumika kwingine imegeuzwa seva, mashine nne au tano zimeungwa kwa swichi, na wote wanafungua folda moja yenye stakabadhi za majani chai zilizoskaniwa. Seva kama hiyo ndiyo inayoangukia upande mbaya wa hesabu.

Toleo la pili la NFS, la Sun Microsystems, liliweka ukomo wa KB 8 kwa kila kusoma au kuandika. Wakati huo maombi yalisafiri zaidi kwa UDP, na KB 8 kwenye Ethernet ya baiti 1500 hukatwa vipande 6. Kikipotea kimoja, vyote 6 hutumwa upya. Toleo la tatu, lililochapishwa Juni 1995, liliondoa ukomo huo na kuiachia seva itaje uwezo wake. TCP nayo ilipozoeleka, kilichopotea kikawa kinarudishwa peke yake. Mtandao ukaacha kuwa kizuizi. Kilichobaki ni RAM.

Hapo ndipo kazi ya mwaka 2006 ya Neil Brown, mmoja wa waandishi wa keneli, inaponivutia. Kila uzi wa seva ya Linux hujitengea mapema kurasa za kumbukumbu zinazotosha ombi kubwa kuliko yote, hata kama siku nzima halitakuja. Ukomo mkubwa basi hulipiwa na kila uzi, tangu seva inapowaka. Brown aliifanya keneli ijipimie: uzi mmoja usichukue zaidi ya sehemu 1 ya 4096 ya RAM. Huanza na MB 1, ikizidi hukatwa nusu, tena nusu, hadi KB 8 kwa mashine dhaifu kabisa. Ni uamuzi mzuri mno, kwa sababu unamlinda mwenye mashine ndogo bila kumtaka ajue lolote.

Lakini kukata nusu kuna ukali wake. Kompyuta ya GB 4 haibaki na GB 4 kamili. Keneli yenyewe na kadi ya picha huchukua chao. Zikibaki GB 3.8, sehemu ya 4096 ni takribani KB 973. MB 1 ni KB 1024, haitoshei, hivyo hesabu inashuka moja kwa moja hadi KB 512. Mashine ya GB 2 huishia KB 256 kwa sababu hiyo hiyo.

Je, kuna hasara? Faili ya MB 100 ikisomwa kwa KB 8 huhitaji maombi 12,800. Kwa KB 512 ni 200, kwa MB 1 ni 100. Mruko mkubwa ulikuwa ule wa kwanza. Ndani ya ofisi yenye swichi ya gigabiti, sioni sababu ya kuhangaikia huo wa mwisho.

Anayetaka kukipandisha kikomo aandike 1048576 kwenye /proc/fs/nfsd/max_block_size kabla nyuzi za seva hazijaanza. Zikishaanza, keneli hukataa. Baada ya hapo mteja aunganishwe upya, maana kiwango hukubaliwa wakati wa kuunganisha, na rsize au wsize (ukubwa wa kusoma au kuandika ambao mteja huomba) kubwa kuliko ya seva hupunguzwa kimyakimya. Kilichokubaliwa husomwa kwa nfsstat -m. Usiamini kilichoandikwa kwenye fstab.

Mashine iliyo mbali, tuseme Nairobi, inayofikia folda hiyo kwa laini ya Mbps 2, ni habari nyingine. Ombi la MB 1 huishika laini kwa zaidi ya sekunde 4, na anayetaka ukurasa mmoja tu hungoja nyuma yake. Mteja huyo apewe rsize=65536 peke yake, ombi lipite kwa robo sekunde. Kushusha kikomo cha seva kwa ajili yake ni kuwaadhibu walio kwenye swichi.

Keneli ya 6.16, iliyotoka Julai 2025, imeruhusu hadi MB 4, huku kiwango cha kawaida kikibaki MB 1. Kwa nyuzi 8, hizo ni MB 32 za kumbukumbu zilizofungiwa mapema. Kwenye seva ya GB 4 ningeziacha zihifadhi faili zinazosomwa mara kwa mara, kwa kuwa stakabadhi ambayo tayari iko kwenye RAM haisubiri diski.