Kipimo cha Kiganja

Ndege ya RV-7 humfikia mwenye kuiunda ikiwa masandukuni: mabati ya alumini yaliyokwisha kutobolewa, ribiti kwa maelfu, na michoro ya kila kiungo. Kampuni ya Van's Aircraft ya Aurora, jimbo la Oregon huko Marekani, imekuwa ikiuza seti za namna hii tangu miaka ya 1970, na ndege zaidi ya 10,000 za ukoo wa RV zimekwisha kuruka. Nyingi ziliundwa katika mabanda ya magari, jioni na siku za mapumziko, na watu ambao riziki yao inatoka kwingine kabisa. Kwa miaka kadhaa mtu huyo hufuata mchoro. Tundu hili, ribiti hii, kipimo hiki. Kisha hufika kwenye fimbo ya usukani, na hapo mchoro hauwezi kumwambia urefu wa mkono wake, unene wa paja lake, wala upana wa kiganja chake.

Kazi ya kufunga kishikio juu ya fimbo hiyo naiheshimu kuliko kazi nyingine zote za uundaji wa ndege. Injini husifiwa na kila mtu, na rangi husifiwa na wapita njia. Kishikio hakuna anayekitazama. Lakini kila anachokitaka rubani kutoka kwa ndege, na kila ambacho ndege inamjulisha rubani, mtetemo wa bawa linalokaribia kupoteza nguvu ya kubeba, uzito wa mkia, msukumo wa upepo, hupita hapo, katika eneo lisilozidi ukubwa wa kiganja.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1903 ndugu wa Wright walilala kifudifudi juu ya bawa na kuipinda ndege kwa nyonga. Robert Esnault-Pelterie wa Ufaransa ndiye anayetajwa kwa fimbo moja ya mkono, mnamo 1907. Louis Blériot alipovuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, tarehe 25 Julai 1909, fimbo yake ilikuwa na gurudumu dogo kileleni. Gurudumu lile halikuzunguka. Lilikuwa mahali pa kushika tu. Baadaye waliounda ndege ya kivita ya Spitfire, wakiwa na chumba chembamba cha rubani, waliipa fimbo kiungo katikati, sehemu ya juu peke yake ikawa inalala kushoto na kulia, ili isigonge mapaja. Katika kila hatua mwili wa mtu ndio uliodai haki yake, na chuma kikasogea.

Nyumbani, haki hiyo hudaiwa kwa msumeno. Mrija wa fimbo mara nyingi huwa mrefu kuliko unavyohitajika, na ni lazima ukatwe. Fundi makini hakati akiwa amesimama kando na rula mkononi. Huingia ndani na kuketi juu ya mto uleule atakaourukia, maana sifongo tofauti humshusha au kumpandisha mtu. Hufunga mikanda. Kama anaishi kwenye baridi, huvaa koti lake la kipupwe. Kisha husukuma fimbo mbele mpaka mwisho na kuangalia kama vifundo vya vidole vinagusa paneli ya saa. Huivuta nyuma mpaka tumboni. Huilaza kushoto, huilaza kulia, halafu hufanya pembe zote nne, nyuma na kushoto, nyuma na kulia, kwa sababu hapo ndipo paja hujitokeza kuwa kizuizi.

Anayedhani huu ni uangalifu wa kupita kiasi na afikirie kutua wakati upepo wa ubavuni ni mkali. Rubani anaweza kuhitaji kulaza fimbo yote hadi kikomo chake. Kikomo hicho kimewekwa na msanifu kwa vizuizi vya chuma, kulingana na kiasi ambacho vibawa vya ukingoni vinatakiwa kupanda na kushuka. Kama goti la rubani limetangulia kuwa kizuizi, amejinyima sehemu ya ndege yake, na hatalijua hilo mpaka siku atakayoihitaji.

Basi si bora kukata fupi kabisa, yaishe? Hapana. Fimbo ni wenzo. Ikiwa kutoka egemeo lake hadi katikati ya kiganja ni sentimita 50, ukaipunguza kuwa 45, mkono utahitaji nguvu zaidi kwa karibu asilimia 11 kufanya kazi ileile, na mwendo wa mkono utapungua kwa moja ya kumi. Ndege za RV zinapendwa kwa wepesi wa usukani wake. Mwenye msumeno anaweza kuuharibu wepesi huo, au kuufanya uwe wa haraka mno kwa mkono usiozoea. Kwa hiyo hukatwa kidogo, hujaribiwa, hukatwa tena. Chuma kilichokatwa hakirefuki.

Kuna jambo jingine ambalo wengi huligundua wakiwa wamekwisha kununua. Vishikio vilivyoigwa kutoka ndege za kivita vimechongwa kwa mkono wa kulia: kiegemeo cha kidole gumba kiko upande wa kushoto, na vifungo vimepangwa kwa kidole hicho. Katika RV-8, ambamo abiria huketi nyuma ya rubani, hilo ni sawa kabisa. Lakini katika RV-7 wawili huketi bega kwa bega, wenzo wa mafuta ukiwa katikati, na rubani wa kiti cha kushoto hurusha kwa mkono wa kushoto. Akivikwa kishikio cha kulia, kila safari itamkumbusha. Mimi ningechagua kishikio chenye pande zilizo sawa, hata cha mbao iliyochongwa taratibu kwa tupa na msasa, kuliko cha kivita kinachopendeza machoni.

Vifungo navyo viwe vichache. Cha kuzungumzia redioni ni lazima, na swichi ya kusawazisha uzito wa mkia inafaa. Kitufe cha kuwashia injini hakina kazi mahali ambapo goti au mkono wa mgeni unaweza kukigusa. Na kila kifungo kina waya wake unaoteremka ndani ya mrija na kutokea kwenye tundu la chini. Tundu hilo huvikwa pete ya mpira, na waya huachiwa mzingo wa kutosha ili ujikunje kila fimbo inapochezwa bila kuvutika wala kusuguana na chuma. Lazima uwe wa nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa uzi mmoja hukatika kwa kukunjwakunjwa. Gamba la waya wa redio likichubuka na kugusa chuma, redio inaweza kubaki ikirusha matangazo bila kukoma, na marubani wote wa masafa yale wakakosa nafasi ya kusema. Uzembe wa milimita moja chini ya sakafu unaweza kuwanyamazisha watu walio kilomita nyingi mbali.

Kishikio chenyewe wengine hukigandisha kwa gundi ya epoksi. Nasisitiza skrubu.

Kabla ya kuruka, rubani hushika fimbo kidole gumba kikiwa wima na kuilaza upande mmoja: kibawa cha upande kinakoelekea kidole ndicho kinachopaswa kuinuka. Kisha sheria ya Marekani humtaka airushe ndege bila abiria, katika eneo maalumu, kwa saa 25 au 40 kwa kawaida, kutegemea injini na panga boi alizofunga. Saa hizo ndizo humaliza kazi ya kishikio. Mkono uliotulia juu ya paja, ukiongoza kwa ncha za vidole, hugundua kwamba kifundo cha mkono kinataka kuelekea ndani kwa digrii chache, jambo ambalo kukaa bandani hakulionyeshi kamwe. Rubani hutua, huchukua bisibisi, hulegeza skrubu, hugeuza kishikio kidogo na kutoboa tundu jipya. Kwenye gundi asingeweza.