Magadi Juu ya Ngozi: Uchambuzi wa Uoshaji wa Viti vya Gari Mpakani Tunduma

Katika mlolongo mzima wa kusafisha viti vya ngozi vya gari, kama unavyofanywa katika sehemu za kuoshea magari zilizo kando ya barabara kuu kuanzia Mlowo na Vwawa hadi mpakani Tunduma, ipo hatua moja inayobatilisha nyingine zote, nayo ni uamuzi wa kukoroga sabuni ya unga kwenye ndoo, kulipaka povu lake zito juu ya kiti, kuliacha liloweshe, kisha kulisuuza kwa mpira wa maji. Uamuzi huo ni kosa. Si kosa la uvivu, kwa kuwa mwoshaji huonekana akisugua kwa nguvu zake zote, bali ni kosa la kuichukulia ngozi kana kwamba ni suruali ya jinzi. Kazi inayotangulia, yaani kutoa mazulia, kufyonza vumbi na kupangusa dashibodi, kwa kawaida hufanywa vizuri.

Ili ukubwa wa kosa hilo ueleweke, hakuna budi kukumbuka kwamba kiti cha ngozi katika magari mengi ya sasa kina tabaka mbili zinazohusika na usafi. Ya chini ni ngozi yenyewe, yenye unene wa milimita moja hivi, ambayo ni msuko wa nyuzi za protini zilizolainishwa kwa mafuta maalumu kiwandani. Ya juu ni utando wa rangi uliofunikwa kwa polyurethani, yaani aina ya plastiki laini, na utando huo wote ni mwembamba kiasi cha kukaribia unene wa unywele. Kinachooshwa kwa kitambaa ni utando huo, na kinachouawa na sabuni ya unga ni utando kwanza na nyuzi baadaye.

Sabuni ya unga hutengenezwa kwa ajili ya pamba na nyuzi za viwandani, na kiungo chake kimoja kikubwa ni kabonati ya sodiamu, ambayo ndiyo kiini cha magadi yanayojulikana katika kila jiko la nyanda za juu. Mpishi huweka magadi kwenye maharage ili yaive upesi, kwa sababu magadi hulegeza kile kinachoyashikilia, na ndani ya ndoo ya mwoshaji kiungo hicho hakibadili tabia. Kwa kipimo cha pH, ambacho 7 ni kati na kila namba moja ni tofauti ya mara 10, ngozi iliyokamilika hukaa upande wa uchachu, takriban kati ya 3.5 na 5, ilhali maji ya sabuni ya unga hufika 10 au zaidi. Tofauti hiyo ni ya angalau mara 100,000, nayo huachwa juu ya kiti kwa dakika nyingi kwa hoja kwamba povu linahitaji muda wa kuingia.

Uchachu huo wa ngozi hutokana na usindikaji wake, yaani kuigeuza ngozi mbichi iwe kitu kisichooza. Kazi hiyo huanza kwa chokaa, ambayo huivimbisha ngozi na kulegeza manyoya, kisha msindikaji huiondoa chokaa hiyo kwa uangalifu mkubwa na kuipeleka ngozi kwenye uchachu ili ipokee dawa ya kuikaza. Dawa hiyo inaweza kuwa chumvi za kromiamu, njia ambayo Augustus Schultz aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1884, au tanini, yaani maji makali ya magome ya miti, kama yale ya miwati ambayo kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa mwaka 1949, imeyasindika Njombe. Vyovyote iwavyo, safari ni moja: kutoka kwenye chokaa kwenda kwenye uchachu. Mwoshaji anayemwaga povu la sabuni ya unga anairudisha ngozi nyuma katika njia hiyo, polepole, kupitia kila mshono na kila mpasuko, na mafuta yaliyolainisha nyuzi hutoka pamoja na uchafu. Kiti hukauka, hukakamaa, kisha hupasuka pale pale mwili unapokunja, yaani ubavuni mwa kiti cha dereva.

Mpira wa maji huja kumalizia. Viti vingi vina vitundu vidogo vya kupitishia hewa, na maji yanayoingia humo hayatoki, kwa kuwa sponji iliyo chini huyanywa na utando wa juu huyazuia yasipae. Katika baridi ya Juni na Julai wilayani Mbozi, kiti cha namna hiyo hunuka uvundo na kuota ukungu, reli za chuma hushika kutu, na nyaya zilizo chini ya kiti, zikiwamo zile zenye viunganishi vya njano vya mfumo wa mifuko ya hewa ya usalama, hulowa zisipostahili kulowa. Kwamba yote haya hufanyika Tunduma, mji ambao shida ya maji imekuwa hoja yake ya kudumu, ni kichekesho kisichochekesha.

Utetezi wa kosa hili ni mmoja: mbona siku zote hufanyika na viti havifi? Jibu limo ndani ya kiti chenyewe. Katika magari mengi yanayouzwa kwa jina la viti vya ngozi, ngozi halisi imewekwa mahali pa kukalia na kuegemea tu, ilhali pande za nje na nyuma ya mgongo wa kiti ni ngozi bandia ya plastiki, ambayo huvumilia magadi kwa muda mrefu zaidi. Mwoshaji huona mgongo wa kiti umetakata bila dhara, akahukumu kwamba uso wake nao utavumilia. Nyufa zinapotokea miezi mingi baadaye, lawama humwendea Mjapani aliyeliuza gari, ingawa kiti hicho kilikaa mikononi mwake miaka mingi bila ufa.

Jambo hili halitenganishwi na mazoea mengine mawili ambayo yamekemewa mara nyingi bila mafanikio. La kwanza ni polishi ya silikoni, inayokipa kiti mng'ao wa kikaango na kunasa vumbi lote la kiangazi, hali ngozi yenye afya haing'ai bali hutulia kwa ulaini. La pili ni kuacha nailoni juu ya viti kwa miaka, eti kuvitunza, wakati nailoni hufungia unyevu na kuotesha ukungu uleule unaoogopwa.

Waliotangulia walikuwa na busara zaidi. Land Rover za zamani zilikuwa na viti vya reksini, kitambaa kilichopakwa plastiki, na aliyezitumia aliviosha viti hivyo kwa maji bila kujidanganya kwamba ana ngozi. Mafundi wa makubadhi wa pwani walifuta viatu kwa kitambaa na kuvipaka mafuta kidogo, wala hawakuviloweka. Huko Uingereza, kampuni ya Connolly, iliyoanzishwa mwaka 1878 na kusambaza ngozi kwa Rolls-Royce na Jaguar hadi ilipofungwa mwaka 2002, iliuza pia krimu ya kutunzia ngozi yake. Ushauri wa kulisha ngozi mafuta ulifaa ngozi za zama hizo. Lakini kwenye utando wa polyurethani wa leo mafuta, hata yakiwa ya nazi, hayaingii, hubaki juu yakinata.

Njia sahihi ni fupi. Vumbi huondolewa kwanza kwa brashi laini, kwa kuwa mchanga ukisuguliwa huwa msasa. Matone machache ya sabuni ya maji isiyo na magadi hutiwa katika lita moja ya maji ya uvuguvugu na kujaribiwa mahali palipojificha. Kitambaa huchovywa humo na kukamuliwa, sehemu moja hufutwa, hupanguswa kwa kitambaa safi chenye unyevu, kisha hukaushwa papo hapo, milango ikiwa wazi na gari likiwa kivulini.

Hukumu, basi, haimlengi kijana mwenye ndoo peke yake, bali pia mwenye gari anayeketi pembeni akisifu wingi wa povu. Mwenye gari huyo na ashike kitambaa kabla hakijagusa kiti na kukikamua kwa mkono wake: kikitoa hata tone moja, bado hakijafaa kupanda juu ya ngozi.