Kutaja Kamusi katika Maandishi ya Kitaalamu

Katika makala zinazoandikwa juu ya Kiswahili hakuna kitabu kitajwacho mara nyingi kama kamusi, wala hakuna kitajwacho kwa uzembe kama hicho. Mwandishi ambaye kwa kila kitabu cha sarufi hujihadhari kuandika jina, mwaka na ukurasa, akifika kwenye kamusi huandika “Johnson 1939”, au “TUKI” tu, akaendelea na safari yake.

Na tuitazame hiyo “Johnson 1939”. Mwaka ule zilitoka kamusi mbili, moja ya Kiswahili kwa Kiingereza na moja ya Kiingereza kwa Kiswahili. Ni ipi inayotajwa? Mimi sina la kujivunia hapa, maana swali hilo niliulizwa na mtahini wangu ng’ambo juu ya tasnifu yangu mwenyewe, nikababaika. Tena, Frederick Johnson alifariki mwaka 1937. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ilitolewa kwa jina la Kamati ya Lugha, na ukurasa wake wa kwanza wakiri kwamba imejengwa juu ya kamusi ya Madan ya mwaka 1903. Kwa hiyo tunayoiita ya Johnson ni nyumba yenye kuta za watu mbalimbali, na anayeitaja hana budi kujua ameegemea ukuta upi.

Hivi karibuni nilipewa makala ya kuisoma kabla haijapigwa chapa. Mwandishi alidai kwamba neno ndege, kwa maana ya chombo cha kusafiria angani, ni la tangu Madan, kwa kuwa kamusi ya 1939 imetokana na yake. Lakini ndugu wawili Wright waliirusha eropleni yao kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1903. Madan alikuwa mtunga kamusi hodari, unabii hakudai. Mwandishi hakukosea maana ya neno. Alikosea tarehe, na katika historia ya msamiati tarehe ndiyo hoja yenyewe.

Yako pia makosa ya upande wa pili: neno huhesabiwa kuwa la 1939, kumbe Krapf analo. Na hata mwaka 1882, kamusi ya Krapf ilipotoka, ni mwaka wa kupigwa chapa tu. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufa mwaka 1881, na Mombasa alifika mwaka 1844. Maneno aliyoyasikia huko ni ya watu waliotangulia kitabu kwa miaka mingi. Tahajia yake nayo si yetu, kama jina la kitabu, lenye “Suahili” pasipo w, linavyoonyesha. Yafaa kuliandika neno kama alivyoliandika yeye, kisha kuweka umbo sanifu kando yake. Sacleux, ambaye vitabu vyake viwili vilitoka 1939 na 1941, hutuonyesha lahaja ya neno. Kulinukuu neno na kuiacha lahaja ni kumwibia nusu ya kazi yake.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ina matoleo ya 1981, 2004 na 2013, na taasisi iliyoitunga ilibadili jina mwaka 2009. Hapa hatari kubwa iko kwa wale wasemao, “Neno hili halimo katika Kamusi.” Kutokuwamo ni ushahidi mzito, lakini ni kutokuwamo katika toleo lipi? Mimi ningependa tutaje toleo, kisha neno lenyewe na namba ya maana yake, kuliko ukurasa, kwa sababu kurasa huhama toleo linapobadilika.

Makala ile ya ndege ilirudi baada ya miezi miwili. Sehemu ya historia ilikuwa imefutwa yote, jambo lililonisikitisha, kwani swali lilikuwa jema, na Madan yumo maktabani.