Uzito Tunauleta Sisi

Hapa Suam ukivuka daraja tu umeingia Uganda. Nami nikifungua Vim, kihariri cha maandishi, bila kutaja faili, Uganda hunifuata mpaka mezani: mara nyingi skrini ya kwanza huomba msaada kwa watoto maskini wa huko. Ombi hilo ni la Bram Moolenaar, Mholanzi aliyekitoa kihariri hiki mwaka 1991, kisha mwaka 1994 akajitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, kwenye kazi ya maji na usafi. Programu aliigawa bure. Aliyependezwa nayo aliombwa awachangie watoto wa Kibaale. Alifariki Agosti 2023.

Kihariri chenyewe ni chepesi. Uzito tunauleta sisi. Leo unaongeza programu-jalizi ya rangi, kesho ya kukagua makosa, keshokutwa ya kukamilisha maneno, na faili ya mipangilio, .vimrc, inazidi kunenepa. Mwishowe unataka kuandika barua ya mistari miwili, nacho kinaamsha kijiji kizima. Ni kama kwenda kupalilia mahindi umebeba jembe, bomba la dawa na magunia ya kuvunia.

Fundi hakati kwa kubahatisha, hupima. Amri ya vim --startuptime muda.txt humwandikia kila faili iliyosomwa na milisekunde ilizokula. Hupima mara kadhaa, maana ufunguzi wa kwanza baada ya kuwasha kompyuta huchelewa kuliko unaofuata. Tena hufuta muda.txt ya zamani, kwani vipimo vipya huandikwa chini ya vile vya jana, akadhani anasoma vya leo.

Akishamjua mla muda, si lazima amfukuze, humhamisha. Tangu Vim 8 ya mwaka 2016, programu-jalizi iliyo katika folda ya start husomwa kila mara. Iliyo katika opt hungoja iitwe kwa amri ya packadd. Mipangilio ya lugha ya Python huwekwa katika ftplugin/python.vim, isisomwe mpaka faili ya Python ifunguliwe. Uzuri wa ufundi huu uko hapo: zana zote bado ni zako, ila kila moja inajua zamu yake.

Ipo pia herufi moja, I, ambayo ukiiongeza kwenye mpangilio wa shortmess, skrini ya salamu hutoweka. Naijua, na sijaiweka. Punguza vingine, msomaji, lakini salamu hiyo iache. Siyo inayokuchelewesha, na ng'ambo ya daraja kuna watoto.