Mkono Unaoliandika Soko

Kibaigwa ni mji ulioandikwa kwa mkono. Ukitoka Dodoma kwenda Morogoro, ukishaipita Mtanana, unaanza kuusoma kabla hujashuka garini: maduka ya pembejeo, mashine za kukoboa na kusaga, vibanda vya mama lishe, saluni, gereji, nyumba za wageni, na malori yaliyojipanga kando ya barabara yakisubiri mzigo. Tangu soko la kimataifa la nafaka lilipoanzishwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 2000, mji huu mdogo wa Wilaya ya Kongwa umekuwa mahali ambapo mkulima wa Kiteto, dalali wa Ugogo, mnunuzi wa Dar es Salaam na mwenzake wa nchi jirani hukutana bila kufahamiana. Watu wasiofahamiana huhitaji maandishi, na hapa sehemu kubwa ya maandishi hayo bado inatoka kwenye brashi ya fundi.

Nataka kumsifu fundi huyo. Tunapozungumzia sanaa ya uchoraji nchini, mawazo yetu hukimbilia Dar es Salaam, Bagamoyo na Zanzibar, kwenye kumbi na maduka ya watalii. Mwandika mabango wa Kibaigwa tunamweka kundi moja na wapaka rangi wa nyumba, tena tunamlipa mwisho, baada ya seremala na mwashi. Lakini ukimtazama akifanya kazi kwa makini, utaona ni mtu aliyebeba elimu nzima mkononi.

Kazi huanza kwa usafi. Ukuta hupigwa brashi ya waya mpaka vumbi na chokaa iliyolegea vitoke, ukapakwa rangi ya msingi na kuachwa ukauke. Fundi huchukua uzi, akaupaka unga wa chaki, akampa kijana anayejifunza kwake ashike ncha moja. Uzi hukazwa, huvutwa kidogo, huachiwa, na ukutani hubaki mstari ulionyooka. Kati ya mstari wa juu na wa chini fundi hupanga herufi kwa chaki, kwa mkono mwepesi, maana chaki hiyo itafutwa. Kabla hajafungua kopo la rangi hurudi nyuma, mara nyingine huvuka barabara kabisa, akasimama pale atakaposimama msomaji. Akiona neno limeelemea upande mmoja, hurudi akafuta na kuanza upya.

Neno linalompima fundi ni WAKALA. Limeenea mitaa yote ya Tanzania tangu simu zilipogeuka kuwa pochi, na ni gumu kuliko linavyoonekana. Asiyejua kazi hushika rula, akaacha nafasi sawa kati ya kila herufi na inayofuata, na neno linamtoka vipandevipande. Mkono wa mwisho wa W na mguu wa kwanza wa A vimeinama upande mmoja, hivyo A inatakiwa iingie karibu zaidi, karibu kuigusa W. L nayo ina mguu chini na uwazi mtupu juu, na A inayofuata ni nyembamba huko juu; ukiziweka kwa rula, kati yao hutokea shimo ambalo jicho hulikimbilia kabla ya kusoma. Fundi hufupisha mguu wa L, akaisogeza A, akaiachia K nafasi ya kupumua. Anapima kwa jicho ujazo wa uwazi, na rula anaiacha mfukoni. Hivyo hivyo kwa neno SOKO: S na O huchorwa zikivuka mistari kidogo, juu na chini, kwa sababu herufi ya mviringo ikiishia kwenye mstari kabisa huonekana ndogo kuliko K iliyo katikati yao. Wachapaji wa vitabu wa Ulaya waliihangaikia kanuni hiyo kwa karne nyingi. Fundi wa Kibaigwa anaijua kwa mazoezi, na kijana anayemshikia uzi anaipokea kwa kutazama.

Lori lina masharti yake. Ubavu wa bodi una mbavu za chuma, na herufi lazima ipande na kushuka juu yake bila kuvunjika. Mlangoni huandikwa mambo ya sheria, jina la mwenye gari na uzito. Nyuma na kwenye madigadi ndipo dereva anapojisemea mwenyewe. Hapo utakuta dua, jina la mtoto wa kwanza, salamu kwa mama, onyo kwa wanaomfuata. Tajiri akiuliza, “Fundi, mbona umeyalaza haya maandishi?” jibu huja bila kugeuka: “Hili gari litasomwa likiwa mbio, bosi.” Humo mna fikra nzima ya sanaa hii: mchoraji huanza na hali ya msomaji, umbali wake na haraka yake, ndipo aje kwenye urembo. Kivuli kinachotiwa upande mmoja wa herufi kinaikokota itoke ukutani, na mstari mwembamba mweupe unaozungushiwa rangi nyekundu huizuia isimezwe na buluu.

Kwenye uwanda huu wa kati, adui wa kwanza wa fundi ni upepo. Mvua zikishakatika, na hapa huwa ni msimu mmoja tu kwa mwaka, vumbi halikai chini, na rangi ya mafuta iliyo mbichi hulinasa lote. Kwa hiyo kazi nzuri hufanywa alfajiri, kabla upepo haujaamka na malori hayajaanza kuzunguka. Adui wa pili ni jua. Tazama bango lolote la zamani mjini: nyeusi bado imesimama, buluu imepauka kiasi, ila nyekundu iliyokuwa ikiita wateja imekuwa waridi hafifu. Nyekundu nyingi kali za makopo hutengenezwa kwa kemikali ambazo mwanga wa jua huzivunja. Nyekundu ya udongo, ile ya kutu ya chuma, haina mng’ao wa kumvuta mtu kutoka mbali, lakini jua haliiwezi.

Ushahidi wa hilo uko mkoa huuhuu. Huko Kolo, wilayani Kondoa, wawindaji wa kale walichora watu warefu wembamba na wanyama kwa udongo mwekundu juu ya kuta za miamba, na michoro hiyo imesimama maelfu ya miaka. Juu yake, mahali pengine, wakulima waliokuja baadaye waliweka michoro yao minene ya rangi nyeupe. Mary Leakey na mumewe Louis waliinakili mingi mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza Kondoa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Sidai kwamba mwandika mabango ni mjukuu wa wachoraji wale. Ninachosema ni kwamba mkoa wa Dodoma una mazoea marefu ya kuweka rangi mahali pa wazi, pa kila mpita njia, na kuiamini hali ya hewa iwe hakimu.

Na anayedhani kazi ya aina hii haizai sanaa kubwa, historia ya eneo letu inamjibu. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vifaa vya dukani: vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta ya kung’aa, ile ya kupakia baiskeli. Aliuza picha zake nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, na mtindo aliouacha unabeba jina lake duniani. Mwaka huohuo Chéri Samba aliingia Kinshasa akiwa kijana, akafanya kazi kwa waandika mabango, akafungua karakana yake mwaka 1975, na mwaka 1989 kazi zake zilitundikwa Paris katika maonyesho ya Magiciens de la Terre. Aliingiza maandishi ndani ya picha zake ili mpita njia asimame kwanza, asome, ndipo atazame.

Anayenigusa zaidi ni Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi yake katika picha 101, akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha huko. Turubai za wachoraji wa aina yake zilitokana na mifuko ya unga. Kibaigwa haina upungufu wa mifuko, wala wa historia inayosubiri mchoraji. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianguka Kongwa kati ya 1947 na 1951 ukaacha mashamba na vyuma. Kuanzia miaka ya 1960 kambi ya Kongwa iliwapokea wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na SWAPO. Wazee waliokua wakiyasikia hayo wapo. Mkono unaoweza kuandika WAKALA bila rula unaweza pia kuyachora haya kwa mfululizo, na hilo ndilo ningependa kuliona likifanyika.

Nafasi za kufika huko zipo, ingawa zimetawanyika. VETA hufundisha upakaji rangi na uandishi wa mabango, hivyo kijana anaweza kutoka na cheti badala ya sifa za mtaani peke yake. BASATA husajili wasanii, na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hutoa mikopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha waandika mabango kina haki ya kuomba sawa na kikundi cha wafuga kuku. Dar es Salaam, Nafasi Art Space imekuwa ikiwapa wasanii karakana na mafunzo tangu 2008. Mwaka 2024 Tanzania ilikuwa na banda lake kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice kwa mara ya kwanza. Karibu zaidi na nyumbani, kila Agosti viwanja vya Nzuguni hujaa watu wakati wa Nane Nane, na kila banda pale linahitaji jina linalosomeka.

Wakati huohuo bango la kuchapwa kwenye plastiki limeingia mjini. Linatoka kwenye kompyuta asubuhi na jioni limeshatundikwa, bei yake si mbaya, na picha ya mteja inatoka kama alivyo. Siwalaumu wanaolinunua. Ila nimeona likipasuka kwa upepo wa Julai na kuning’inia, wakati ukuta ulioandikwa kwa brashi jirani yake unapauka taratibu na kubaki unasomeka. Na herufi za kompyuta zinafanana Kibaigwa, Gairo na Kimara. Za fundi unazitambua kwa mwendo wa mkono wake hata kabla hujaambiwa ni nani.

Basi nina pendekezo. Msimu wa mavuno, kati ya Juni na Agosti, wanunuzi wanapokuwa wengi, soko litenge ukuta mmoja mrefu na hadibodi za ukubwa mmoja. Kila fundi aandike maneno yaleyale kwa mkono wake, kisha achore picha moja anayoitaka yeye, isiyoagizwa na mteja. Wanafunzi wa shule za Kongwa waletwe waone, madereva waombwe kuchagua, na kazi zipewe bei. Gharama yake ni makopo ya rangi na siku mbili za kujitolea.

Hata kabla ya hapo, kila mwenye duka anaweza kuanza na lake. Anayempa fundi ukuta leo anampa kazi ya wiki hii na maonyesho ya miaka kadhaa ijayo, mbele ya macho mengi kuliko ukumbi wowote wa Dodoma. Amlipe kazi ikikauka, bila kumzungusha, na amwachie kona ya chini kulia aandike jina lake.