Kengele tisa, ruti 600

Kosa la Louisville, Kentucky, lilifanyika mezani, kabla dereva yeyote hajawasha injini. Wilaya ya shule ya Jefferson County, ikiwa haina madereva wa kutosha, ilipunguza ruti kutoka 730 hadi 600 hivi kwa programu ya AlphaRoute. Papo hapo, ili basi moja lipige duru kadhaa, nyakati za kengele ya asubuhi zikatoka mbili zikawa tisa. Vyote vikaanza siku moja, 9 Agosti 2023, na mtoto wa mwisho akafika kwao saa nne kasoro dakika mbili usiku.

Kupunguza ruti sikatai. Ninachokataa ni kubana muda wa kupumulia kati ya duru na duru. Basi likichelewa dakika kumi duru ya kwanza, ya pili inazirithi na kuongeza zake. Sasa mtie humo mtoto wa kiti mwendo: lifti ishuke, ipande, kiti kifungwe sakafuni pembe zote nne, naye afungwe mkanda wake. Ukikihesabu kituo chake sawa na cha watoto wanaoruka ngazi, ratiba nzima ni uongo. Na mwenye usonji aliyezoea kufika nyumbani saa ileile, nani atamtuliza gizani? Kwa sheria ya Marekani, usafiri wake, akiuhitaji, ni huduma inayoandikwa katika mpango wake wa elimu. Si hisani.

Somo lilikuwepo. Boston mwaka 2017 iliondoa mabasi kama 50 kwa hesabu za wataalamu wa chuo cha MIT, kazi safi. Ilipotaka kugusa kengele, wazazi wakaja juu, na mpango ukafutwa kabla haujamfikia mtoto hata mmoja.

Nimeshaandika na nitarudia: ruti ya watoto wenye ulemavu hukaa kichwani mwa dereva na msimamizi wake. New York ilikuwa na hazina hiyo. Baada ya mgomo wa mabasi ya shule wa 1979, kampuni iliyoshinda zabuni ililazimika kwa kipengele cha mkataba kuajiri wakongwe walewale, watu waliojua nani ana kifafa na nani huogopa honi. Meya Bloomberg akakiondoa kipengele hicho kwenye zabuni mpya, na mgomo wa 2013 ukapiganwa mwezi mzima bila kukirudisha. Sijamsamehe.

Louisville ilifunga shule zaidi ya wiki, kisha ikafungua kwa awamu: msingi na kati tarehe 18, sekondari za juu tarehe 21. Hapo walipatia. Ndivyo walivyopaswa kuanza tarehe 9, mabasi ya lifti yakitangulia peke yake barabarani.