"Levo Imeshuka": Uhakiki wa Maneno ya Wachezaji wa Gemu

Tarehe 4 Februari 2025 ulitolewa mchezo wa kompyuta uitwao Kingdom Come: Deliverance II, uliotengenezwa na kampuni ya Warhorse Studios ya Jamhuri ya Cheki. Mchezo huo unaendeleza kisa kilichoanza katika mchezo wa kwanza wa jina hilo, uliotolewa mwaka 2018. Kisa chenyewe ni cha kijana Henry, mtoto wa mhunzi, katika nchi ya Bohemia mwaka 1403. Huenda wasomaji wa jarida hili wakajiuliza jambo hili linaihusu vipi kazi ya istilahi. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba linaihusu sana, kwa sababu vijana wetu wanauhakiki mchezo huo kwa Kiswahili kila jioni, na mara nyingine hawaelewani kwa kukosa maneno.

Mwandishi wa makala haya alialikwa na vijana wanne wa Dodoma kwenye chumba kimoja kisicho mbali na Chuo Kikuu. Watatu kati yao ni wanafunzi na wa nne ni karani wa serikali, ambaye ndiye mwenye kompyuta. Mchezo wenyewe ni wa bei kubwa na unahitaji mashine yenye nguvu, hivyo haupatikani katika vibanda vya gemu vya mitaani, ambako mpira ndio unaotawala. Vijana hao walikuwa wameucheza kwa zamu kwa siku kadhaa, nao walitaka kueleza walivyouona.

Wa kwanza alisema maneno mawili tu: "Levo imeshuka." Wa pili akamjibu kwa ukali kidogo kwamba haijashuka hata kidogo, bali imepanda kupita ile ya mwanzo. Wa tatu akawakatiza, akasema kuwa wote wawili wanakosea, kwani levo ni ile ile, ila imekuwa kali. Mabishano hayo yaliendelea karibu nusu saa. Kila mmoja alitoa mifano mizuri, na kila mmoja alimwona mwenzake kuwa hana macho.

Kiini cha mabishano kilikuwa neno lenyewe. Wa kwanza alikuwa akisema juu ya uwezo wa Henry. Mchezaji aliyeumaliza mchezo wa kwanza alimlea kijana huyo kutoka mtu asiyejua kushika upanga hadi akawa shujaa. Katika mchezo wa pili, Henry anamsindikiza bwana wake Hans Capon kupeleka ujumbe katika ngome ya Trosky. Wanashambuliwa na majambazi njiani, anajeruhiwa, kisha anaanza tena karibu mikono mitupu. Kwa hiyo levo yake imeshuka kweli. Wa pili alikuwa akisema juu ya ubora wa kazi nzima: mandhari, mazungumzo, na mji wa Kuttenberg uliojengwa kwa uangalifu mkubwa. Hiyo nayo ni levo, na kwa maoni yake imepanda. Wa tatu alikuwa akisema juu ya ugumu wa mapigano, hasa mtu mmoja anapozungukwa na maadui wawili au watatu. Watu watatu walikuwa wamesema mambo matatu ya kweli kwa neno moja, nao wakadhani wanapingana.

Ni rahisi kwa mtaalamu wa istilahi kulitazama jambo hili kwa mojawapo ya njia mbili, na zote mbili mwandishi anaziona kuwa na kasoro. Njia ya kwanza ni kusema kwamba "levo" ni neno la kigeni, kwa hiyo litafutiwe neno moja la Kiswahili la kulibadili. Lakini tukiweka neno moja safi mahali pa neno moja la kukopa, utata utabaki pale pale. Tutakuwa tumebadili nguo tu, mwili ni ule ule. Njia ya pili ni kusema kwamba lugha ni mali ya watumiaji, hivyo waachwe. Hoja hii ina heshima yake, kwa maana hata msamiati wa bao, yaani kete, nyumba, kunamua, mtaji na kutakata, haukutungwa na kamati yoyote. Hata hivyo wachezaji wa bao hawakutosheka na neno moja kwa mambo matatu. Waliyatofautisha, kwa sababu asiyeyatofautisha hawezi kumlaumu mwenzake kwa kucheza vibaya.

Kipimo kinachopendekezwa hapa ni hiki: istilahi ni nzuri ikiwa watu wawili wanaweza kuitumia kutofautiana kwa usahihi. Kwa kipimo hicho tuyachunguze maneno manne yaliyojitokeza.

(a) Levo. Neno hili ligawanywe. Kwa uwezo wa mhusika linafaa neno "daraja". Hakuna haja ya kulifundisha Dodoma, mji wa watumishi wa umma, ambako kila mtu anajua maana ya kupanda daraja na uchungu wa kucheleweshwa daraja. Kwa ubora wa kazi yapo maneno "kiwango" na "ubora", ambayo tayari yanatumika. Kwa mapigano linatosha neno "ugumu". Na pale mchezo unapogawanyika katika sehemu zinazofuatana, litumike neno "hatua". Haya yote ni maneno ya kila siku, na kazi ya istilahi hapa si kuunda bali ni kugawa majukumu.

(b) Mchezo wenyewe ni wa aina gani? Aina hii ni ile ambayo mchezaji huchukua nafasi ya mtu fulani, akamfanyia maamuzi, akakuza uwezo wake na kubeba matokeo. Tafsiri inayokuja haraka ni "mchezo wa kuigiza". Tafsiri hiyo haifai. Neno hilo limekwisha kuwa na mwenyewe: ni tamthilia, ya jukwaani au ya redioni. Anayeambiwa kwamba Kinjeketile cha Ebrahim Hussein ni mchezo wa kuigiza, kisha akaambiwa kwamba mchezo huu wa Bohemia nao ni wa kuigiza, atatarajia jukwaa na watazamaji. Pendekezo la mwandishi ni "mchezo wa uhusika", kutokana na neno "mhusika" ambalo kila aliyesoma fasihi sekondari analijua. Lakini ni haki pendekezo hili nalo lipingwe. Yule karani alicheka alipolisikia, akasema: "Kaka, ofisini kwetu wahusika ni wale wanaotakiwa kujieleza." Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo linaweza kuvumiliwa, kwa sababu mchezaji wa mchezo huu kweli hujieleza: akiiba, kijiji humjua, akisema uongo, huulizwa.

(c) Toleo, sehemu ya pili, au mwendelezo? Vijana waliyatumia yote matatu bila kuyatofautisha. Hapa kuna hasara ya kweli kwa mnunuzi. Mchezo wa mpira wa kampuni ya EA hutolewa kila mwaka, na tangu Septemba 2023 unaitwa EA Sports FC, ingawa wengi bado wanauita kwa jina la zamani la FIFA. Kila unapotoka huchukua nafasi ya ule wa mwaka uliopita. Huo ndio "toleo". Lakini mchezo wa Henry wa mwaka 2025 haukuufuta ule wa mwaka 2018. Kisa kinaanzia pale kilipoachwa, na majina ya watu na maadui yanatajwa kana kwamba tunayajua. Huo ni "mwendelezo". Kijana wa nne, ambaye hakuucheza wa kwanza, aliambiwa dukani kwamba hili ni "toleo jipya", akaamini kwamba la zamani halina kazi tena. Malalamiko yake makubwa yalikuwa kwamba haelewi kwa nini Henry ana huzuni. Mtu aliyeambiwa "mwendelezo" angeuliza kwanza: mwendelezo wa nini?

(d) Kusevu na kuhifadhi. Kwenye simu na kompyuta maneno haya yanakwenda pamoja bila ugomvi, na mwandishi haoni sababu ya kuliwinda lile la kwanza. Lipo jambo moja tu la kuangalia. Katika mchezo huu mchezaji hawezi kuhifadhi wakati wowote apendao; yampasa alale kitandani, au anywe kinywaji maalumu, ama asubiri mchezo wenyewe uhifadhi penye tukio kubwa. Wachezaji wengine husifu utaratibu huo kwa kuwa unatia woga wa kweli, na wengine huulaani. Neno "kuhifadhi" linawatosha wote.

Baada ya mgawanyo huo, mwandishi aliwaomba vijana warudie mabishano yao kwa maneno mapya. Tofauti ilionekana mara moja. Wa pili alikubali kwamba daraja la Henry limeshuka. Wa kwanza alikubali kwamba kiwango cha kazi kimepanda. Ndipo swali lililokuwa limefichika likajitokeza: je, ni haki mwendelezo kumnyang'anya mhusika yale ambayo mchezaji aliyatolea jasho? Wa kwanza alisema si haki. Wa pili alisema shujaa aliyekamilika hana kisa. Hilo ni swali la uhakiki hasa, linalostahili kuulizwa juu ya riwaya au utenzi wowote unaoendeleza mwingine. Kwa maoni ya mwandishi, wa kwanza ana hoja nzito zaidi kuliko alivyodhani: jeraha linaweza kueleza udhaifu wa mkono, lakini haliwezi kueleza vizuri kwa nini hata stadi ya kusema imerudi chini. Lakini hilo tusingelifikia kwa "levo".

Tuna mfano wa karibu wa jinsi neno linavyoshinda. "Kishikwambi" kilikuwa neno la wachache mpaka makarani wa Sensa ya Agosti 2022 walipokabidhiwa vifaa hivyo mikononi, na baadaye walimu wakapewa. Neno lilisafiri pamoja na kifaa na kazi yake. Hali kadhalika, mwaka 2024 ulitolewa mchezo wa Tales of Kenzera: Zau, ulioongozwa na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambao wahusika wake wanaweza kusikika wakisema Kiswahili. Michezo ya namna hiyo ikiongezeka, maneno ya kwenye kioo yatachaguliwa na mtu fulani, kwa haraka, na vijana watayashika.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba maneno "daraja", "hatua", "mwendelezo" na "mchezo wa uhusika" yasiingizwe katika orodha sanifu kabla ya kujaribiwa na wachezaji wenyewe, Dodoma, Singida na kwingineko, katika mabishano ya kweli. Litakaloshindwa kubeba ubishi liachwe, hata kama ni la mwandishi huyu. Wasomaji wanaombwa kuleta maoni yao, hasa wale wenye watoto au wadogo wanaocheza. Wawaulize wanaitaje kitu hiki na kile, na wawasikilize mpaka mwisho kabla ya kuwasahihisha.